Kumbukumbu ya Matumizi ya Kila Siku

Wakubwa walikaa, wakala, wakakubaliana kwamba mwananchi wa kawaida anatosheka na nane.

Nane ya nini, Ambokile Mwaisumo hakujua, wala hakuwa peke yake. Alichojua ni kwamba kadi aliyopewa wilayani, mwezi mmoja baada ya kumzika mkewe, ilikuwa na tarakimu hiyo mgongoni, na chini yake maneno: KWA MATUMIZI YA KILA SIKU. Aliyemgawia alimwelekeza ainue kifuniko cha mashine ya marehemu, aichomeke, asubiri ipate moto. Akaichomeka. Tupokigwe akaamka ndani ya sanduku lisilozidi debe, akauliza kama maharage yameiva.

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu siku hiyo, na Tupokigwe alikuwa bado anauliza maharage. Aliuliza kila asubuhi, kwa sauti yake ileile ya kuburuta mwisho wa neno, na kila asubuhi Ambokile alijibu kwamba yako motoni.

Jumatatu ile alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mama Komba, fundi wa mashine za marehemu pale Tukuyu, mvua ikipiga bati, naye amekunja barua ya wito mfukoni. Tume ya kuchunguza vifo vya kituo cha afya cha Ngelama ilimtaka alete mashine ya mkewe siku ya Alhamisi. Siku ile ya msiba walikufa watu wanne kituoni, wote kabla ya saa kumi jioni. Marehemu watatu walikwisha kuhojiwa. Mmoja aliiuliza tume nani amefungua mbuzi wake. Wa pili aliwakaribisha chai. Wa tatu aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, akaurudia mpaka mwenyekiti akaomba azimwe. Amebaki Tupokigwe.

"Nataka kadi itakayomfanya aseme," Ambokile alisema. "Mkanda wa kunasa kumbukumbu ulikuwa mkononi mwake mpaka roho inatoka. Kila kitu kimo. Wenyewe walisema kila kitu kimo."

Mama Komba aliishusha miwani yake iliyofungwa uzi. Alikuwa mwanamke wa Songea, mnene, asiyependa kuharakishwa.

"Mzee Mwaisumo, unachanganya vitu viwili. Kimo, hawakukudanganya. Hifadhi ya mkeo mle sandukuni ni ghala. Ukitaka hata siku aliyong'oka jino la kwanza, utaikuta humo. Kinachokutesa ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, na hiyo ni jamvi. Ghala lako lina magunia mia ya maharage, na jamvi la kuanikia ni la hatua mbili. Utaanika kiasi gani kwa mara moja?"

"Debe mbili. Tatu nikibanabana."

"Na ukitaka kuanika mengine?"

"Nizoe yale ya kwanza."

"Basi ndivyo anavyofanya mkeo. Akianza kukumbuka jambo zito, lazima azoe mepesi yaliyopo jamvini. Akiyazoa, hajui tena alikuwa anaongea na nani. Mashine ikiona anatapatapa, inamrudisha mahali pepesi. Jikoni. Nane ni ya salamu na mboga, mzee. Mtu wa kuhojiwa saa mbili mfululizo anataka thelathini na mbili."

"Nipe hiyo."

Mama Komba alicheka kicheko kisicho na furaha. Zaidi ya nane ilihitaji kibali, na Ambokile alilijua hilo, maana alikuwa ametoka huko huko wilayani asubuhi ileile na viatu vyake vilikuwa bado vina matope ya uwanja wao. Bwana mmoja mwenye mashavu laini alimwuliza zaidi ya nane ataifanyia nini, yeye ana ofisi? Darasa la ngapi? La nne. Basi, mzee, rudi nyumbani. Kisha, kama aliyekumbuka kwamba anaongea na mfiwa, yule bwana akaongeza kuwa kiwango cha nane kiliwekwa kwa huruma, kwa sababu marehemu akikumbuka sana anaumia.

Ambokile aliteremka ngazi za ofisi ile akiwaza kwamba huruma ya wakubwa huanzia palepale hofu yao inapoanzia.

"Labda upate moja ya zile za mwanzo," Mama Komba alisema, akiwa tayari amerudia kazi yake. "Zile walizogawiwa wazee. Zilikuwa thelathini na mbili zote, kabla wakubwa hawajasikia wafu wanasema nini. Zile hazikuwa na ghala pembeni. Mtu mzima mzima alikaa ndani ya kadi, ukizima umeme hapotei. Lakini bado zina nafasi. Ukiichomeka kwenye mashine ya mkeo, mwenye kadi atakuwa mle amelala, na nafasi itakayobaki inamtosha mkeo kwa raha."

Ambokile alikuwa anayo moja sebuleni kwake. Ndani yake alikaa baba yake.

*

Mzee Angolile Mwaisumo alikufa miaka kumi na tisa iliyopita, akiwa mwenyekiti wa wakulima wa chai, na bado alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Mashine yake iliwekwa sebuleni, chini ya dirisha. Ya Tupokigwe iliwekwa jikoni, nyumba nyingine kabisa, ng'ambo ya ua, na Ambokile alitundika blanketi mlangoni ili sauti zisivuke.

Hakufanya hivyo kwa ajili ya kelele. Kwao mkamwana na mkwe hawaonani. Kwa miaka kumi na miwili, tangu Tupokigwe aolewe mpaka mzee alipokufa, hakupata kumtazama baba mkwe wake usoni, wala kukalia alipokalia, wala kupaza sauti alipokuwa karibu. Mzee alikohoa kila alipokaribia kona, na mkamwana, aliposikia kikohozi, aliingia migombani na ndoo yake kichwani akageuka kisogo mpaka hatua zipite. Wachungaji walihubiri kwamba ni ushamba. Walimu nao wakasema. Nyumba nyingi ziliacha. Nyumba ya Mwaisumo haikuacha, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemkosea mwenzake hata mara moja.

Jumatano jioni Ambokile alikaa jikoni akajaribu mara ya mwisho kwa ile nane.

Alimwuliza mkewe kama anaikumbuka Ngelama. Tupokigwe alisema anaikumbuka, si ndiko wanakouza mihogo mizuri? Akamwuliza kuhusu kituo cha afya. Sauti ikasita. Akasema palikuwa na dirisha. Akasema palikuwa na ngoma nje. Ambokile akasogeza kigoda karibu. Akasema, "Ngoma, halafu yule nesi akaniambia…" kisha taa ya mashine ikapepesa, ikatulia, na mkewe akamwuliza kwa upole kama maharage yameiva.

"Yako motoni," alisema.

"Usiyaache yakaungua. Wewe ukianza kuwatukana viongozi hukumbuki sufuria."

Alicheka, naye Ambokile akacheka, na palepale akaona aibu. Mwanamke huyu alikuwa na furaha. Hakujua kuwa amekufa. Kumwongezea kumbukumbu maana yake ni kumrudisha kitandani Ngelama, akiwa macho, amfanye afe tena mbele ya watu wenye kalamu. Kumwacha na nane maana yake ni kuwaachia wale waliomuua waseme hana la kusema. Alizunguka ua mara tatu kwenye ukungu. Kisha akaingia sebuleni.

"Unahema kama ng'ombe," baba yake alisema. "Wamefanya nini tena hao?"

"Hakuna, Tata. Nakuzima kidogo. Kuna radi."

"Sisikii radi."

"Inakuja."

Alimzima, akaichomoa kadi, akaipeleka jikoni ndani ya leso kama mtu anayebeba yai. Alijiambia mzee amelala, na mtu aliyelala hahesabiwi barazani. Alijiambia pia kwamba hawa wawili sasa ni umeme, na umeme hauna mkwe. Akaichomoa nane, akaichomeka thelathini na mbili, taa ikawaka kijani imara. Hapo ndipo angepaswa kumwita aone kama anajibu. Hakumwita. Aliogopa kumwamsha kwenye siku ile mapema kuliko ilivyolazimu. Akakifunga kifuniko, akalala.

*

Tume ilikaa katika ukumbi wa kata, pale Tukuyu. Mwenyekiti alikuwa Bi Ngaiza, mwanamke mrefu kutoka Bukoba mwenye sauti ya kunyoosha mambo, na kushoto kwake alikaa bwana wa mashavu laini wa wilayani, ambaye ilielezwa kuwa yupo kama mtazamaji. Karani alikuwa binti wa palepale, Sekela.

Mwenyekiti alimsalimu marehemu kwa heshima. Hakujibiwa. Alimwita kwa jina lake kamili, mara mbili. Akamwuliza kama anaikumbuka siku aliyofikishwa Ngelama. Mvua tu. Fundi wa tume aliinama juu ya mashine, akatazama vipimo vyake, akasema kumbukumbu inafanya kazi vizuri, tena ni kubwa kuliko alivyotarajia, na kwamba marehemu yuko macho na anasikia kila neno.

"Sasa mbona hasemi?"

"Hilo si tatizo la mashine, mheshimiwa. Hataki."

Bwana wa wilaya alitazama meza yake kwa adabu, kama mtu anayeficha shibe. Mwenyekiti akachukua kalamu. Ambokile, aliyekuwa akisoma polepole lakini akijua kusoma, aliona herufi zikiandikwa kichwa chini upande wake: shahidi hana la…

Alisimama bila kuruhusiwa, akaenda akaweka sikio kwenye matundu ya sauti. Mwanzo alisikia mvumo tu. Kisha, chini kabisa, chini kuliko alivyowahi kumsikia akiongea hata kitandani, akamsikia mkewe akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Baba Lwitiko. Mkwe yumo humu."

"Amelala, mama."

"Yumo. Nigeukie wapi? Humu hamna ukuta."

Ambokile alinyooka. Aliieleza tume, akajikwaa, akaeleza tena, na Bi Ngaiza akasikiliza kwa uso wa mtu anayetafuta wapi anadanganywa. Mwishoni alimwuliza kama kweli anataka iandikwe kwamba marehemu mmoja anamwonea haya marehemu mwingine. Hapo Sekela karani, ambaye asubuhi nzima hakuwa amefungua kinywa, alisema bila kuinua macho kwamba mama yake mzazi alijifungulia migombani kwa kuwa mkwe alikuwa amekaa mlangoni, na kwamba kama huyu mama ameambiwa aongee mkwe akiwa chumba kimoja naye, hataongea, hata wakae mpaka mwakani.

Mwenyekiti aliiweka kalamu chini. Akatoa muda mpaka saa tisa.

*

Duka la Mama Komba lilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Alisikiliza yote akiwa amesimama, akajipiga paja kwa kiganja. Yeye ni mtu wa Songea, alisema, angejuaje. Kisha akawa fundi tena. Njia zipo mbili. Kumrudisha mkewe kwenye nane, au kuisafisha hii kadi kabisa.

"Ukiisafisha, mzee anakwenda wapi?"

"Haendi mahali. Nilikwambia hizi za mwanzo hazina ghala. Mtu ni kadi, kadi ni mtu." Akavuta kikuza sauti kidogo kutoka kwenye droo. "Na sheria inataka marehemu aulizwe. Hii moja walipatia."

Alikiunganisha na kadi, akampa Ambokile kisogo, akajifanya anapanga nyaya.

"Tata."

"Radi imekwisha?"

"Haikuwepo. Nilikudanganya."

Alimweleza. Hakuacha kitu. Alipofika kwenye mashine ya mkewe, baba yake alimkatiza.

"Mkamwana alikuwa humu? Nami nikiwemo?"

"Ulikuwa umelala, Tata."

"Nililala kama nilivyolala miaka yote nikisikia ndoo yake inapita nyuma ya nyumba. Mtu hujua. Nilidhani naota." Sauti ya mzee ilishuka. "Umenivua nguo mbele ya mkamwana wangu, Ambokile. Waliokupa nane wamekufanya uwe kama wao. Unaona kadi, huoni watu."

Ambokile alilia bila sauti, mkono mdomoni, mtu wa miaka sitini na mbili. Mzee alingoja amalize, kisha akauliza mkamwana anataka kusema nini. Alijibiwa kwamba hakuna ajuaye. Ila alikufa akiwa ametazama, na kuna watu wanaomba Mungu asiwe amekumbuka.

"Basi nitoke."

"Ukitoka hurudi."

"Watu hudhani desturi hii ilimfunga mwanamke peke yake," mzee alisema. "Ningekuwa najipitia tu ovyo, yeye angekaa wapi? Mkamwana akiwa na shughuli ndani, mkwe huchukua njia nyingine. Sikumwachia nafasi kwa sababu ya kumdharau. Nilimwachia kwa sababu ni yake."

"Mimi nitaongea na nani, Tata?"

"Nilikufa miaka kumi na tisa iliyopita. Ulikuwa unalijua hilo kabla hawajakuletea sanduku."

Mama Komba aligeuka. Alisema mzee ameulizwa na ameridhia, vizuri, lakini yule mwingine je? Mkewe atakapopata nafasi yote hiyo, kitu cha kwanza atakachokikuta ni kwamba amekufa. Nani amemwuliza kama anataka kujua?

"Nikimwuliza kwa nane, haelewi swali," Ambokile alisema. "Nikimwuliza kwa thelathini na mbili, ameshaamka."

"Kwa hiyo unaamua wewe."

"Siku zote ameamuliwa. Na wao. Na mimi."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na nusu. Alifikiri juu ya sebule yake bila ile sauti ya kutukana viongozi chini ya dirisha. Alifikiri juu ya mwanamke anayecheka jikoni kwa ajili ya maharage yasiyokuwepo. Mmoja alikuwa amejitolea kufa, mwingine angelazimishwa kufufuka, na mwenye kutoa hukumu ni mtu wa darasa la nne ambaye wilaya ilimwona hastahili zaidi ya nane. Akawachukia kwa hilo kuliko kwa yote mengine: kwamba walivunja kitu na kumwachia yeye kuchagua vipande.

"Tata, nisamehe."

"Usiwakubalie wakuite mzee wa watu," baba yake alisema. "Wakikuita hivyo, jua wanataka uondoke."

Kisha akakohoa. Kikohozi kile kile cha kwenye kona, kikavu, cha kumpa mtu nafasi ya kugeuka.

Mama Komba alielekeza kitufe lakini hakukigusa. Kidole si chake, alisema. Ambokile akakibonyeza mwenyewe, na ikachukua muda mfupi kuliko kuzima jiko.

*

Tupokigwe alisema kwa saa moja na dakika arobaini.

Aliwaambia alifika Ngelama saa moja asubuhi, kifua kimembana, akitembea mwenyewe. Akaeleza kitanda, cha pili kutoka dirishani, na mtungi wa hewa uliowekwa pembeni yake, na nesi Tusajigwe aliyegeuza kishikio na kusema mtungi huu umekwisha. Mitungi mingine mitano ilikuwa stoo. Stoo ilikuwa imefungwa. Ufunguo alikuwa nao mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, na mganga mfawidhi alikuwa barabarani pamoja na watumishi wengine wote, kwa barua ya wilaya, kumpokea mgeni. Barua hiyo ilisomwa saa mbili asubuhi mbele ya wagonjwa. Alikumbuka maneno yake: asiyehudhuria atajieleza kwa maandishi. Nesi aliachwa peke yake na wagonjwa tisa.

Mgeni alitarajiwa saa tano. Alifika saa tisa. Kwa muda wote huo, Tupokigwe alisema, ngoma zilikuwa zinapigwa na kuachwa, zinapigwa na kuachwa, kila ndege ilipopita juu, maana wapigaji walidhani ndiyo yeye. Nesi alikimbia barabarani mara tatu kuomba ufunguo. Mara ya kwanza aliambiwa asubiri. Mara ya pili aliambiwa anachafua mstari. Mara ya tatu alirudi na nyundo aliyoiazima kwa fundi wa baiskeli, akaanza kugonga kufuli, na askari mgambo akamnyang'anya kwa sababu ya kelele, kwani hotuba ilikuwa imeanza. Mzee wa kitanda cha kwanza alikufa kwenye salamu za mgeni. Binti wa kitanda cha nne alikufa watu wakipiga makofi. Mvulana wa kitanda cha ukutani alijua anaondoka, akamwomba Tupokigwe amshike mkono, naye hakufika, vitanda vilikuwa mbali kidogo. Aliutaja umbali wenyewe: mkono mmoja na nusu.

Mara mbili aliomba wasubiri, na wakasubiri. Alikuwa anaipitia, si kuisimulia, na kila mtu ukumbini alisikia kifua chake kikitafuta hewa ndani ya chombo kisichovuta hewa. Ambokile alikaa mikono magotini. Kila mara alipotaka kuinuka aizime, aliona kalamu ya mwenyekiti inatembea, akakaa. Bwana wa wilaya alikuwa ameacha kutazama meza. Alikuwa anatazama mlango.

"Jina la aliyesaini ile barua unalikumbuka?" mwenyekiti aliuliza.

Alilikumbuka. Alilitaja, na cheo chake, na namba ya barua, kwa kuwa ilibandikwa ukutani mbele ya macho yake siku nzima na hakuwa na kingine cha kutazama. Bwana wa mashavu laini alivua miwani akaifuta, akaifuta tena. Jina lilikuwa lake.

Bi Ngaiza alimshukuru marehemu. Alisimama kumshukuru, na Sekela naye akasimama. Kisha mwenyekiti akamgeukia Ambokile, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikunyooka. Alisema ushahidi huu ni mzito. Alisema kwa kuwa umetolewa kwa kumbukumbu iliyozidi kiwango cha raia, mawakili wa upande wa pili watadai umechezewa, na njia pekee ya kuulinda ni kadi yenyewe kuchomolewa hapa hapa, kutiwa kwenye bahasha, kupigwa lakiri na kupelekwa makao makuu kama kielelezo. Asipokubali kusaini, yaliyosemwa leo ni maneno tu.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka shauri liishe."

"Linaisha lini?"

Mwenyekiti hakuwa mwongo. Alimsogezea kalamu.

Ambokile alitazama karatasi aliyosogezewa. Aliwajua wakubwa. Ingekaa kabatini, kabati lingehamishwa, ofisi ingepakwa rangi. Baba yake alikuwa ameiacha kadi hii ili mkewe aseme kwa saa moja na dakika arobaini tu. Akaenda akapiga goti mbele ya mashine, pale walipokuwa wanamwona wote, hakujali.

"Tupokigwe. Wanataka kukuchukua."

"Nimesikia."

"Nisiposaini, twende nyumbani. Utakaa hivi hivi. Utakumbuka kila kitu, tutaongea."

"Nitakumbuka kila kitu," mkewe alisema. Akapumua, au akakumbuka kupumua. "Yule mvulana ananiomba mkono sasa hivi, Baba Lwitiko. Hata ninapoongea nawe. Saini."

"Nitakurudisha kwenye nane. Angalau nikusikie."

"Usinirudishe kule."

"Kule ulikuwa unacheka."

"Yule hakuwa mimi. Yule walikutengenezea wao, akupikie maharage ili usiulize. Mimi nimeshasema niliyokuwa nayo. Saini, mume wangu, uende ukale kitu."

Alisaini. Ilimchukua muda, maana aliandika jina lake lote, na la baba yake, na la mkewe, ingawa nafasi iliyotengwa ilikuwa ya jina moja. Fundi wa tume aliinua kifuniko. Taa ya kijani ikazimika. Kadi ikaingia bahashani, nta ikadondoshwa, muhuri ukagongwa, na bwana wa wilaya, aliyekuwa amejikusanya tayari, akamwambia kwa sauti ya kuliwaza kwamba asihuzunike, mashine yake inaweza kuendelea kutumika kama kawaida kwa ile kadi yake ya zamani, mzee wa watu.

Ambokile alitia mkono mfuko wa koti. Ile nane alikuwa ametembea nayo siku nzima, kwenye leso. Aliifungua leso, akaiweka kadi mezani mbele ya yule bwana, upande wenye maandishi juu, akaisukuma kwa kidole mpaka ikagusa mikono yake.

"Hii ni yako," alisema. "Jitahidi ikutoshe."

Akalibeba sanduku lisilo na kadi begani, akatoka kwenye mvua.